Mashine ya Figo Bila Maji Yake

Wapo wanaodhani kwamba hospitali ikishapata mashine ya kusafisha damu ya mgonjwa mahututi usiku na mchana, kazi imekwisha. Hupigwa picha, hutolewa hotuba. Mifuko ya maji inayoning'inia kwenye mashine hiyo haitajwi, ingawa mashine yenyewe ni pampu na kichujio tu. Kinachoirekebisha damu ni yale maji.

Yafaa ieleweke kwamba maji hayo ni dawa kamili. Hutengenezwa yakaribiane na majimaji ya damu: sodiamu kiasi cha milimoli 140 kwa lita, baikaboneti ya kupunguza asidi, kalsiamu na magnesiamu. Potasiamu hutofautiana, ipo mifuko isiyo nayo kabisa, na ipo yenye milimoli 4 kwa lita. Mgonjwa ambaye potasiamu imempanda hata kuutishia moyo huweza kuanzishiwa mfuko usio nayo. Lakini akiachwa juu ya mfuko huo huo bila damu yake kupimwa tena na tena, potasiamu itashuka kupita kiasi, na moyo uliookolewa jioni utakuwa hatarini alfajiri.

Hata umbo la mfuko lina maana. Mingi ina vyumba viwili, kwa kuwa baikaboneti na kalsiamu zikihifadhiwa pamoja hufanya chokaa. Muuguzi asipovunja kizuizi cha katikati na kuchanganya, mgonjwa hupewa dawa pungufu. Ipo pia fosfeti, ambayo mifuko mingi haina, na kwa hiyo huondolewa mwilini saa baada ya saa mpaka misuli ya kupumulia ikalegea. Katika utafiti mkubwa wa Australia na New Zealand uliotangazwa mwaka 2009, zaidi ya nusu ya wagonjwa walipungukiwa fosfeti. Na waliopewa maji mengi zaidi hawakupona kuliko wenzao.

Halafu kuna hesabu, na hapa ndipo wanaoagiza mashine hunyamaza. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2012 unataka mililita 20 hadi 25 kwa kila kilo ya mwili kila saa. Kwa mtu wa kilo 70 hizo ni lita 34 hadi 42 kwa siku: mifuko ya lita 5 ipatayo saba hadi tisa, mgonjwa mmoja, siku moja.

Asidhani mtu kwamba shida hii ni ya maskini pekee. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoishambulia New York, mji wenye mashine na fedha, maji hayo yaliadimika. Hospitali zilipunguza vipimo, nyingine zikatengeneza maji kwa kutumia mashine za kawaida za kusafishia damu, na baadhi zikarudia njia ya zamani ya kusafisha damu kupitia utando wa tumbo.

Njia hiyo ya tumbo haihitaji umeme, na wataalamu wake wa kimataifa wameruhusu, pale ambapo maji ya kiwandani hayapatikani, hospitali itengeneze yake kwa kuongeza dawa katika dripu za kawaida, kwa usafi mkali. Kabla ya kusaini ununuzi wa mashine nyingine, wakubwa wa hospitali waulizwe mambo mawili: mifuko ya mwaka wa pili italipiwa na nani, na nani atapima potasiamu saa nane za usiku?