Muuguzi Naye Apate Mtetezi

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Methali hiyo husemwa zaidi katika mambo ya urithi na kugawana mali, lakini mahakamani ukweli wake huonekana wazi zaidi. Mshitakiwa aliyesimama kizimbani bila wakili, naye ni mgeni wa sheria, huwa yupo kwa mwili tu. Hoja zake hazipo, na mara nyingi haki yake nayo haipo. Leo yafaa tuzungumze juu ya kundi la wananchi ambalo ni nadra kukumbukwa litajwapo suala la kutetewa, nalo ni wauguzi, wakunga, matabibu na wenye zahanati ndogo ndogo za mjini Kampala.

Wakazi wengi wa mji huu hawajasahau mambo ya Januari 2014. Muuguzi mmoja, mama mtu mzima aliyekwisha itumikia kazi yake kwa miaka mingi, alikamatwa kwa madai kwamba alimtibu mtoto mdogo kwa sindano iliyokuwa imemchoma yeye mwenyewe kidoleni, hali akijua kwamba anaishi na virusi vya UKIMWI. Kabla ya hakimu kusikiliza shahidi hata mmoja, picha yake ilikwisha enea na baadhi ya vyombo vya habari vilikwisha mpachika jina la muuaji. Siri ya afya yake, ambayo kila mgonjwa ana haki ifichwe, ikawa mazungumzo ya sokoni. Alinyimwa dhamana, akapelekwa gereza la Luzira. Mwezi Mei mwaka huo mahakama ya Buganda Road ilimtia hatiani kwa uzembe, akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Mtoto alipopimwa hakuonekana kuwa na virusi. Rufani ilipofika Mahakama Kuu mwezi Novemba, adhabu ilipunguzwa, mama huyo akaachiliwa baada ya kukaa kifungoni karibu miezi kumi.

Hatusemi kwamba hakukosea. Mahakama ndiyo iliyopewa kazi ya kuamua jambo hilo, nayo iliamua. Tunalosema ni kwamba muuguzi yule alipata mawakili na watu wa kumsemea, na pamoja na hayo alikwisha hukumiwa mitaani kabla ya kufika kizimbani. Je, ingekuwaje kwa mkunga wa Bwaise au Katwe asiyejua hata mlango wa ofisi ya wakili?

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika Ibara ya 28, inatamka kwamba kila mshitakiwa ahesabiwe kuwa hana hatia mpaka ithibitike vinginevyo, na kwamba anayo haki ya kutetewa na wakili anayemtaka, lakini kwa gharama yake mwenyewe. Serikali inawajibika kumlipia wakili pale tu kosa linapokuwa na adhabu ya kifo au kifungo cha maisha. Kosa aliloshitakiwa muuguzi yule, la kutenda kwa uzembe jambo linaloweza kueneza ugonjwa wa hatari, adhabu yake ya juu kabisa ni miaka saba. Kwa hiyo mwuaji wa kukusudia hupewa wakili kwa fedha za umma, lakini muuguzi aliyeteleza kazini hujitafutia mwenyewe. Na miaka saba si michache. Hutosha kabisa kumpotezea mtu kazi, nyumba na heshima ya ukoo wake.

Bila shaka wako watakaouliza: mgonjwa aliyeumizwa, yeye nani amtetee? Swali hilo ni la haki, nasi hatuna nia ya kulikwepa. Mei 2011, katika hospitali ya Nakaseke, kaskazini ya Kampala, mama mjamzito alifariki kwa uchungu uliokwama wakati daktari wa zamu hakuwapo kwa saa nyingi. Mawakili walisimama kwa niaba ya jamaa zake, na mwaka 2015 Mahakama Kuu ikaamua kwamba halmashauri ya wilaya ndiyo yenye dhima, ikaamuru zilipwe shilingi milioni 35. Mwaka huo huo wa 2011 shirika la CEHURD pamoja na wenzake walifungua shauri kuhusu vifo vya akina mama wajawazito. Mwaka 2012 Mahakama ya Katiba ilikataa kulisikiliza, ikisema ni mambo ya siasa. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu iliagiza lisikilizwe, na Agosti 2020 ikatolewa hukumu kwamba Serikali ilivunja Katiba kwa kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi.

Kesi hizo zinatufundisha somo moja kubwa, nalo ni kwamba mawakili walipofanya kazi yao, lawama ilipelekwa mahali pake. Ilipasa ijulikane ni lipi kosa la daktari aliyeacha zamu, lipi kosa la halmashauri, na lipi kosa la Wizara isiyotoa vifaa. Pasipo wakili, lawama hiyo yote hutafuta bega la karibu, na bega la karibu siku zote ni la mkunga aliyekuwapo zamu usiku ule, hata kama hakuwa na glavu, damu wala taa. Basi ni kosa kudhani kwamba wakili wa muuguzi ni adui wa mgonjwa, kwani wote wawili wanataka ukweli ujulikane.

Suala hili halikuanza jana. Mwaka 2009 kilianzishwa chini ya Ikulu kitengo cha kuchunguza dawa na huduma za afya. Kilikamata wezi wa dawa, na kwa hilo wananchi walikishukuru. Lakini madaktari walilalamika kwamba wenzao walidhalilishwa hadharani, na walipogoma Novemba 2017, moja ya madai yao lilikuwa kivunjwe. Mwizi wa dawa ashitakiwe, tena bila huruma, lakini ashitakiwe kwa taratibu za sheria, si mbele ya kamera.

Hali kadhalika ziko kesi zisizofika mahakamani kabisa. Sheria za mwaka 1996 zilizipa mabaraza ya taaluma za afya mamlaka ya kumfutia mtu usajili wake. Kwa muuguzi, kufutwa huko ni sawa na mkulima kunyang'anywa shamba. Ibara ya 42 ya Katiba inamtaka kila mwenye mamlaka atende haki, na inampa aliyeonewa ruhusa ya kwenda mahakamani. Lakini mwenye zahanati huko Wandegeya, akikuta kufuli mlangoni, mara nyingi hukimbilia kumbembeleza mkaguzi, au kumpa chochote, badala ya kuuliza sheria inasemaje. Hivyo ukosefu wa wakili huzaa rushwa, na rushwa huwaacha wazi hata wale wanaostahili kufungiwa.

Nini basi kifanyike? Kwanza, vyama vya wauguzi, wakunga na madaktari vianzishe mfuko wa utetezi, kila mwanachama akitoa mchango mdogo kila mwezi, ili wakili awepo tangu siku ya kwanza polisi. Pili, polisi wasimfikishe mtumishi wa afya mahakamani kwa kosa la kazi kabla ya kupata maoni ya mtaalamu wa kazi hiyo. Tatu, wenye zahanati waandike kila tiba na kila zamu, kwani wakili hawezi kumtetea mtu asiye na daftari. Nne, Bunge lipanue msaada wa wakili wa Serikali uwafikie washitakiwa maskini wa makosa mengine mazito, nao jamaa za wagonjwa walioumizwa wapewe msaada huo huo.

Muuguzi anayeogopa kwamba kosa moja litamtupa Luzira bila msemaji ataficha kosa lake, na kosa lililofichwa leo ndilo litakalomuua mgonjwa mwingine kesho. Yule anayejua kwamba atasikilizwa ndiye atakayethubutu kusema kweli.