Uvimbe wa Taya Haungoji Siku ya Soko

Seli yenye afya haigawanyiki ovyo. Hukua, hunakili vinasaba vyake, hukagua nakala hiyo, ndipo huwa seli mbili. Kasoro isiporekebishika, seli hujiangamiza yenyewe.

Katika saratani ya Burkitt, breki hiyo hukatika. Mara nyingi kipande cha kromosomu ya 8 huhamia kwenye ya 14, na jeni ya MYC, inayoiamuru seli kukua, haizimiki tena. Uvimbe unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Ni saratani chache mno za binadamu zinazokimbia hivyo.

Daktari Denis Burkitt wa Hospitali ya Mulago, Kampala, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1958 baada ya kuona watoto waliovimba mataya. Baadaye ilibainika kuwa unafuata ukanda wa malaria, na kwamba virusi vya Epstein-Barr, vilivyogunduliwa mwaka 1964, vinahusika. Sirisia, katika Kaunti ya Bungoma nchini Kenya, mpakani mwa Uganda, imo ndani ya ukanda huo.

Kwa hiyo mtoto wa Sirisia aliyevimba taya na kulegea meno hapaswi kung'olewa jino tu na kurudishwa nyumbani. Akiwahiwa, mara nyingi dawa humponya. Seli zinazogawanyika upesi ndizo ambazo dawa hizo huziua kwa urahisi zaidi. Kinachomuua mara nyingi ni kuchelewa.

Kaunti ya Bungoma iwafunze wahudumu wa afya wa vijijini dalili hii, na ilipe nauli ya mtoto na mzazi wake hadi hospitali ya rufaa, Eldoret.