Nakuru Isisomwe kwa Karatasi Peke Yake

Mwaka 1904, ambao ndio Nakuru ilipopewa hadhi ya kuwa mji, serikali ya kikoloni ilifunga na Wamaasai mkataba uliowahamisha kutoka katikati ya Bonde la Ufa hadi Laikipia na kusini ya reli, ili malisho yao yagawiwe walowezi. Msomaji wa waraka huo pekee atadhani kwamba mahali hapa palianza kuwa na historia siku kalamu ilipogusa karatasi. Na asipousoma pamoja na mkataba wa mwaka 1911, uliowatoa Wamaasai hata katika Laikipia waliyoahidiwa daima, ataichukua ahadi kuwa ndiyo tendo.

Kwa hiyo hapana budi waraka uulizwe mbele ya shahidi mwingine, naye hayuko mbali. Mkazi wa mtaa wa Section 58 mjini Nakuru hana safari ndefu kufika Hyrax Hill, kilima kilichopewa jina la pimbi, yule mnyama mdogo wa miambani. Hapo Mary Leakey alichimba mwaka 1937 na 1938, akafukua makaburi ya wafugaji waliotumia zana za mawe, yale ya wanawake yakiwa na vyombo vya mawe walivyozikwa navyo. Palionekana pia mashimo ya Sirikwa, yaani mazizi yaliyochimbwa chini kiasi ubavuni mwa kilima ili ng'ombe walale humo kwa usalama, na mbao za bao zilizochongwa kwenye mwamba wenyewe. Nchi ambayo watu wake walizika kwa heshima, wakalaza mifugo na kukaa kucheza bao, haikuwa pori tupu lililomngoja mlowezi. Ni aibu kwamba wako watoto wa Nakuru wanaomaliza shule bila kukipanda kilima hicho.

Kazi za sanaa nazo ni ushahidi, kwa kuwa hutunza fikira za watu ambao hawakuandika. Joseph Murumbi, aliyezaliwa Eldama Ravine mwaka 1911 na kuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, alilitambua jambo hilo, akakusanya kazi nyingi za sanaa za Kiafrika, ambazo sehemu yake leo imo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Nairobi.

Walakini kazi hii ya kutunza ushahidi isiachiwe makumbusho na serikali tu. Katika masanduku ya nyumba nyingi za Nakuru, Njoro na Molo mna vipande, yaani vitambulisho vya enzi ya ukoloni, ambavyo wazee walilazimishwa kuvaa shingoni, mna hati za hisa za kampuni za kununulia mashamba, na ukutani huning'inia kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, kilichopambwa kwa shanga. Walimu wawatume wanafunzi wakaulize habari za vitu hivyo, na kila familia iandike nyuma ya kila picha majina, mwaka na shamba ilikopigwa, maadamu bibi anayewakumbuka waliomo yungali hai.