TUWAPIME KWA ARDHI, KAZI NA MSHAHARA

Ndugu wafanyakazi,

Kura ikikaribia, watu wa Migori na Homa Bay huulizwa swali moja: Wewe ni wa nani? Swali hilo halijazi sufuria. Wanasiasa wawili wakishindana ndani ya chama kimoja, wajibu wetu ni kuuliza siasa ya uchumi ya kila mmoja ni ipi, na itamfikia vipi mvuvi wa Mbita na mkata miwa wa Awendo.

Mfano mkubwa tunao hapa kwetu. Ndani ya KANU, tangu uhuru wa 1963 hadi 1966, walishindana Bwana Tom Mboya, ambaye kwao ni kisiwani Rusinga, na Bwana Oginga Odinga wa Bondo. Wengi hukumbuka ugomvi wao kama wa watu wawili waliotaka kiti kimoja. Lakini walitofautiana pia juu ya mali ya nchi, na hilo ndilo la kutazamwa.

Kwanza, tusidanganywe na majina waliyopewa. Odinga aliitwa mkomunisti; kumbe alikuwa mfanya biashara, aliyeanzisha Luo Thrift and Trading Corporation mwaka 1947 kwa hisa za watu wadogo. Mboya aliitwa rafiki wa mabepari. Kumbe alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi tangu 1953, na mwaka 1962, akiwa Waziri wa Kazi, ndipo ulipotiwa sahihi mkataba wa uhusiano kati ya matajiri, vyama vya wafanyakazi na serikali.

Pili, ardhi. Odinga na Bwana Bildad Kaggia walisema mwananchi hawezi kununua kwa deni shamba ambalo babu yake alinyang'anywa bure. Mboya na wenzake serikalini walisema mali isichukuliwe bila fidia, kwa sababu mitaji ingekimbia na kazi zingepotea. Katika haki, Odinga alikuwa na neno zito. Katika hesabu, Mboya alikuwa na swali ambalo upande wa pili haukulijibu vya kutosha: fedha za kujenga viwanda na shule zitatoka wapi?

Tatu, na hili ndilo linalotuuma sisi zaidi. Mwaka 1965 Mboya, akiwa Waziri wa Mipango ya Uchumi, alitoa Waraka wa Serikali Nambari 10 juu ya Ujamaa wa Kiafrika. Waraka ule ulisema fedha za maendeleo zipelekwe kwanza mahali penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme, ili ziongeze mazao upesi, kisha faida isaidie sehemu nyingine. Ndugu, aliye na barabara akaongezewa barabara. Nyanza ya Kusini ilikuwa na samaki, pamba, na shaba na dhahabu ya Macalder, lakini haikuwa na njia nzuri wala umeme wa kutosha. Basi vijana wetu wakaendelea kupanda magari kwenda kuchuma chai Kericho na kutafuta kazi Nairobi na Mombasa. Kanuni iliyoandikwa na mtu wa Rusinga haikuiokoa Rusinga. Kuwa na mtu wetu serikalini si sawa na kuwa na siasa inayotufaa.

Nne, vyama vyetu. Hapa wote wawili wana deni. Upande wa Mboya ulisaidiwa na vyama vya Marekani, upande wa Odinga ukasaidiwa na nchi za Mashariki, na wafanyakazi wakagawanyika mashirikisho mawili. Mwaka 1965 serikali ikayavunja yote mawili na kuunda COTU, na sheria ya mwaka huo ikabana haki ya kugoma. Wakubwa waligombana, na mfanyakazi akalipa. Baada ya mkutano wa Limuru wa Machi 1966, Odinga alitoka KANU akaongoza KPU. Mboya aliuawa tarehe 5 Julai 1969. KPU ilipigwa marufuku Oktoba mwaka huo huo. Mjadala wa uchumi ukafungwa kabla haujaisha.

Maswali yenyewe hayakufungwa. Kiwanda cha sukari cha Awendo kilijengwa na serikali miaka ya 1970. Mwaka 2025 kilikodishwa kwa kampuni ya watu binafsi. Je, mali ya umma ikikodishwa, nani analinda malimbikizo ya mshahara na bei ya muwa? Katiba ya 2010 imezipa kaunti zote kwa pamoja sehemu isiyopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa. Hiyo ni dawa kiasi kwa kosa la 1965. Lakini fedha zikifika Migori mjini na Homa Bay mjini, je, zinafika Muhuru na Mfangano?

Kabla ya uchaguzi wa 2027, wagombea wa chama kimoja wakija kuomba kura za mchujo, kila tawi la chama chetu liwaite mbele ya wanachama, liwaulize mambo manne: ardhi, kiwanda, mgawo wa fedha, na haki ya kugoma. Majibu yaandikwe na kusomwa mkutanoni. Asiyejibu asipewe kura, hata akiwa ndugu wa damu.

Umoja ni nguvu.