Kuzaa si ushahidi

Mwaka 2015, Mahakama Kuu jijini London, wakili wa serikali ya Uingereza alidai kwamba Aderonke Apata kutoka Nigeria, aliyekuwa akiomba hifadhi, hawezi kuwa anapenda wanawake wenzake, eti kwa kuwa aliwahi kuwa na mwanamume na akazaa. Hoja ya ajabu! Ni wanawake wangapi wameolewa ili tu ndugu wanyamaze?

Jaji alimkatalia Apata.

Nigeria nako, tangu Januari 2014, ndoa ya jinsia moja ilikuwa na kifungo cha hadi miaka 14. Maelfu ya watu, wengi wao hawajawahi hata kumwona, walitia saini ombi la kupinga Apata kurudishwa huko. Hadhi ya ukimbizi aliipata 2017. Miaka mitano baadaye, yeye mwenyewe akaapishwa kuwa wakili.