Mpira unahama dishini, tuhame nao pamoja

Ndugu zangu wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, naomba tuzungumze kuhusu mpira wa kwenye televisheni. Jambo hili linatuhusu kuliko tunavyolichukulia. Mkoa wetu wa Simiyu bado hauna timu Ligi Kuu. Anayetaka kuiona mechi ya ligi kwa macho yake hufunga safari ya kupita Lamadi na Magu hadi Mwanza, kwenye uwanja wa CCM Kirumba, wanakochezea Pamba Jiji. Nauli ya kwenda na kurudi si ya kila mtu. Kwa hiyo kwa wengi wetu mpira ni banda umiza: benchi za mbao, televisheni juu ya meza au projekta ukutani, na dishi kwenye paa la bati.

Siku Simba na Yanga zinapokutana, kwenye benchi hizo hukaa dereva wa bodaboda, mwalimu, karani wa halmashauri na mkulima wa pamba aliyeshuka kutoka Nkololo au Dutwa. Mji wetu una sehemu chache sana ambapo watu hao hukaa bega kwa bega kwa hiari yao, wakabishana, na kesho yake wakasalimiana. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Haki za kuonyesha michezo zimeanza kuhama kutoka satelaiti kwenda intaneti. Marekani, kifurushi cha NFL Sunday Ticket kilikaa kwenye dishi za DirecTV tangu 1994, na msimu wa 2023 kikahamia YouTube. Kombe la Dunia la Klabu la 2025 lilionyeshwa duniani kote na DAZN, kampuni iliyozaliwa kwenye intaneti. Hapa kwetu Azam Media ilisaini na TFF mwaka 2021 mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, na mechi za king'amuzi sasa mtu anaweza kuzitazama pia kwenye programu ya AzamTV Max. DStv nao wana DStv Stream. Kwa sasa dishi ndilo linalobeba mzigo mkubwa. Lakini mkataba ule ukifika ukingoni, naamini watakaokaa mezani watakuwa wanaifikiria simu kwanza, na dishi baadaye.

Simu ina neema zake, na sitaki mtu adhani naipinga. Septemba 2025 Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kule Tokyo, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwenye utepe kwa sekunde 0.03. Huku kwetu ilikuwa usiku wa manane, mabanda yote yamefungwa. Kulipokucha, video ile ilikuwa inapita kutoka simu moja hadi nyingine, na mtu aliyeko shambani aliiona kama aliyeko mjini. Mama anayenyonyesha, mlinzi wa usiku, mwanafunzi wa chuo aliye mbali na nyumbani, hawa wote simu imewafungulia mlango ambao banda halikuwahi kuwafungulia.

Ila tuelewe tofauti ya njia hizi mbili, kwa sababu hoja yangu yote imekaa hapo. Satelaiti ipo kilomita takribani 36,000 juu ya ikweta. Ukipita mitaani Bariadi utaona dishi za Azam zimeelekea magharibi. Satelaiti yao ipo nyuzi 7 mashariki, na sisi tuko karibu na nyuzi 34. Mawimbi yake yakishuka yanamwagika Mwanhuzi sawasawa na yanavyomwagika Masaki. Mtazamaji wa milioni moja hamwongezei mrushaji gharama yoyote angani. Mvua kubwa ikinyesha picha hukatika, wingu likipita inarudi, na mwenye dishi hahesabiwi kitu kwa kila dakika anayotazama.

Intaneti inafanya kazi kwa namna nyingine kabisa. Kila simu inavuta nakala yake. Picha ya kiwango cha kawaida hula karibu GB 1 kwa saa, na picha ya HD inaweza kufika GB 3. Mechi pamoja na mapumziko ni kama saa mbili, yaani GB 2 kwa picha ya kawaida. Sasa chukua banda la watu 60. Wakitazama skrini moja kwa muunganisho mmoja, wametumia GB 2 wote kwa pamoja. Wakitazama kila mtu kwenye simu yake, wametumia GB 120, na zote zimepita kwenye mnara mmoja kwa wakati mmoja. Hapo ndipo picha inapoganda mshambuliaji akiwa ndani ya boksi, duara likazunguka, na bando la mtu likaisha dakika ya 70. Hata mambo yakienda vizuri, picha ya intaneti huchelewa kwa sekunde kadhaa, mara nyingine nusu dakika, nyuma ya ile ya dishi. Utasikia goli kwa jirani kabla hujaliona.

Mtu anayeniambia kwamba banda umiza ni mambo ya kale na kwamba kila mmoja atatazama kwake, mimi humjibu kwa hesabu hiyo. Mahali kama petu, kutazama pamoja ndiyo njia nafuu na inayowezekana ya kuingia kwenye zama za intaneti. Na kwa Msukuma si jambo la kujifunza upya. Wagika na Wagalu wameshindana kwa ngoma baada ya mavuno kizazi baada ya kizazi, na mshindi alikuwa yule aliyevuta umati mkubwa zaidi. Watazamaji ndio waliokuwa waamuzi. Yanga na Simba wamekuta uwanja huo umeshalimwa.

Kinachonitia hofu ni historia ya mabadiliko yaliyopita. Mwaka 2007 kampuni ya televisheni ya kulipia ya GTV iliingia Afrika na haki za Ligi Kuu ya Uingereza, watu wakanunua ving'amuzi vyake. Januari 2009 ikafilisika, na ving'amuzi vikabaki mapambo. Desemba 31, 2012 mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam, kisha miji mingine ikafuata, na nyumba nyingi zikakaa na televisheni zisizoonyesha kitu mpaka zilipopata king'amuzi. Agosti 2018 chaneli za ndani za bure ziliondolewa kwenye ving'amuzi vya satelaiti vya kulipia kwa sababu ya masharti ya leseni. Mara zote hizo mtazamaji wa kijijini alikuwa wa mwisho kujua na wa kwanza kuumia. Safari hii tuna nafasi ya kusema mapema, na ninawaomba tuitumie.

Kwanza kabisa, msing'oe dishi. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, na hapa onyo hilo linafaa neno kwa neno. Mafundi dishi wetu, wanaojua kulenga satelaiti kwa jicho na kwa mlio wa kifaa, ni utajiri wa mji huu. Wajifunze na kufunga antena za intaneti, na ruta, na nyaya za mtandao, ili siku kazi ya kwanza ikipungua ya pili iwe mikononi mwao tayari. Chuo cha ufundi chochote kilicho karibu nasi kingefanya jambo jema kuwaandalia mafunzo ya jioni.

Kwenu wenye mabanda, nina ombi refu kidogo. Jiungeni. Kila mmoja wenu anapambana peke yake na umeme, kifurushi, leseni ya biashara na majirani wanaolalamikia kelele. Vifurushi vingi vya king'amuzi vimeuzwa kwa matumizi ya nyumbani, na vya kwenye simu vimefungwa zaidi, maana akaunti moja huruhusu vifaa vichache tu. Mkija kwa kampuni mmojammoja, mtaonekana wavunja masharti. Mkija kama umoja wa mabanda ya Simiyu, wenye orodha ya wanachama na idadi ya viti, mnakuwa wateja wakubwa wanaoweza kudai kifurushi halali cha banda kwa njia ya intaneti, chenye bei inayoendana na kiingilio cha watu wetu. Vijana walio kwenye vikundi wanaweza pia kuomba mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, iliyogawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu. Projekta, betri ya sola na ruta ni mtaji wenye kueleweka kwa afisa maendeleo ya jamii yeyote.

Na mkishajiunga, lifanyeni banda kuwa mahali pa watu wote. Wanawake wengi wa mji huu wanapenda mpira na hawakanyagi bandani, kwa sababu ya lugha, moshi wa sigara na msukumano. Tengeni benchi, kemeeni matusi, onyesheni mechi za Simba Queens, JKT Queens na Twiga Stars. Watoto wa shule wasiwemo ndani saa za masomo wala usiku. Mzazi akiliamini banda, biashara yenu itakua.

Halmashauri zetu nazo naziomba ziache kulitazama banda kama kero ya kutozwa ushuru na kufungiwa. Lipewe leseni nyepesi yenye masharti ya usalama: milango miwili, nyaya salama, choo, saa ya kufunga. Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 limepewa Tanzania, Kenya na Uganda. Wageni watakwenda viwanjani, lakini sisi wa Simiyu tutalipokea kwenye skrini. Viwanja vya Nyakabindi, vilivyobeba Nane Nane ya kitaifa, vinaweza kubeba skrini kubwa siku Taifa Stars inapocheza, na kila makao makuu ya wilaya yakapata ya kwake. Maandalizi ya jambo hilo yaanze kwenye bajeti sasa.

Kampuni za matangazo nazo zisikie jambo moja kuhusu mfuko wa mtu wa Simiyu. Fedha yake haiji kila mwisho wa mwezi. Inakuja pamba ikiuzwa, kuanzia Mei na kuendelea, na miezi mingine ni ya kubana. Kifurushi cha mwezi kinamkata mtu huyu Februari hata kama ni mteja mwaminifu kwa miaka yote. Uzeni kifurushi cha msimu mzima, kilipwe mara moja wakati wa mauzo ya pamba, mtu mmojammoja au kupitia AMCOS. Uzeni pia mechi moja moja. Na tunawaomba mechi za timu ya taifa zibaki kwenye chaneli ya bure, kwa antena au dishi, hata siku kila kitu kingine kikiwa kimehamia mtandaoni.

Kwa wale wanaosambaza viunganishi vya wizi vya mechi, nasema kwa upole: acheni. Fedha za haki za matangazo ndizo zinazolipa mgawo wa klabu, na Pamba Jiji waliorudi Ligi Kuu mwaka 2024 baada ya zaidi ya miaka 20 wanaishi kwa mgawo huo pia. Siku Simiyu itakapopandisha timu yake, na natamani niione siku hiyo, tutaihitaji fedha hiyo hiyo.

Limebaki suala la minara. Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya kujenga minara 758 vijijini kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, na mingine iliyopo kuongezewa nguvu. Mnara ukishasimama, watu hudhani kazi imekwisha, lakini kusimama na kubeba video ni mambo mawili. Nawaomba kila kijiji kimpe kijana mmoja mwenye simu janja kazi ya kupima kasi ya mtandao. Siku ya mechi kubwa, afungue programu ya kupima kasi kabla ya mpira kuanza, wakati wa mapumziko na baada ya filimbi ya mwisho, aandike jina la kijiji, mtandao, saa na kasi aliyoipata. Karatasi za namna hiyo kutoka Lagangabilili, Malampaka, Nyashimo na Mwandoya zikikusanywa pamoja, zitakuwa na uzito kuliko malalamiko elfu ya mdomo. Diwani anaweza kuzisoma kwenye baraza, mbunge akazipeleka Dodoma.

TCRA ina ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza, na lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano lililoundwa kwa ajili ya watu kama sisi. Tuwaandikie barua moja ya mkoa mzima yenye mambo manne: kifurushi halali cha banda, malipo ya msimu, timu ya taifa kwenye chaneli ya bure, na notisi ya kutosha kabla mechi yoyote haijaondolewa kwenye dishi. Mikutano ya kuiandaa ianzie kwenye kata, Jumapili asubuhi kabla ya mechi, na mwenyekiti wa mtaa aombwe aifungue. Kwa kata yangu nimejitolea kuandika muhtasari. Nahitaji wenye mabanda, fundi dishi angalau mmoja, kina mama wa sokoni, na vijana wenye hizo karatasi za kasi mkononi.