Bawa Likikataa Kufunga

Wasomaji wangu mtanisamehe, leo siandiki kuhusu hifadhidata wala jinsi ya kusakinisha Linux. Naandika kuhusu magari ya mbio. Lakini msikimbie, kwa sababu mambo ya programu yatafika tu, na hayo ndiyo yaliyonifanya niandike.

Ijumaa tarehe 31 Agosti 2018, pale Monza nchini Italia, dereva Msweden Marcus Ericsson alikuwa kwenye mazoezi ya Formula One. Alikuwa kwenye ile barabara ndefu iliyonyooka, kasi imepita kilomita 300 kwa saa, bawa la nyuma la gari lake likiwa wazi. Alipofika kwenye kona ya kwanza akakanyaga breki, bawa likakataa kufunga. Gari lilimtoka mikononi, likagonga kizuizi kisha likabiringika hewani mara kadhaa. Alitoka akitembea mwenyewe, na Jumapili akashindana. Nimeitazama video hiyo mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu mwenye kazi ya kumaliza.

Kwa asiyefuata mchezo huu: gari la Formula One hushikilia barabara kwa sababu hewa inayopita juu ya mabawa yake hulikandamiza chini. Likifuata jingine kwa karibu hupata hewa iliyochafuka, linapungukiwa na mkandamizo huo kwenye kona, na kupita kunakuwa kazi ngumu. Ndipo kuanzia 2011 hadi 2025 wakawa na kifaa kilichoitwa DRS. Ukiwa nyuma ya mwenzako kwa chini ya sekunde moja mahali pa kupimia, kompyuta inakupa ruhusa, unabonyeza kitufe kwenye usukani, kipande cha juu cha bawa la nyuma kinainuka na gari linachomoka. Aliye mbele hana ruhusa kama naye hamfuati mtu kwa karibu. Wengi walilalamika kwamba huko ni kupita kwa kubebwa. Mimi hilo halinisumbui sana, napenda kuona watu wakipitana. Kinachonisumbua ni swali ambalo kila mtengenezaji programu anapaswa kujiuliza kabla hajalala: kitu hiki kikiharibika, kinaharibikia upande gani?

Na waandishi wa kanuni walijiuliza, tuwape haki yao. Kanuni za ufundi zilitaka mfumo ubuniwe hivi kwamba ukifeli, bawa lirudi katika hali yake ya kawaida, yaani lijifunge. Kwenye karatasi huwezi kudai zaidi ya hapo. Lakini mwaka wa 2013 kule Bahrain bawa la Fernando Alonso lilikwama likiwa wazi, akaingia kwa mafundi, wakalisukuma chini kwa mikono, akarudi barabarani, akalifungua tena na likakwama tena. Akamaliza mashindano wa nane bila kulitumia. Miaka mitano baadaye ikawa zamu ya Ericsson. Kanuni inaweza kuamuru kitu kifeli vizuri, ila chuma hakijasoma kanuni.

Huo ni upande wa chuma. Upande wa mantiki ndio unaonikera zaidi. DRS ilijifunga dereva akikanyaga breki, au yeye mwenyewe akibonyeza kitufe. Maana yake aliyebuni alidhani kwamba kila barabara iliyonyooka huishia kwenye breki. Kwa viwanja vingi ni kweli. Kisha mwaka huohuo wa 2018, Silverstone, Uingereza, wakaongeza eneo la tatu la DRS lililoelekea kwenye kona ya Abbey, kona ambayo dereva huikata mguu ukiwa bado kwenye mafuta. Hakuna breki, kwa hivyo hakuna kinacholifunga bawa ila kidole cha binadamu anayetikiswa kwa kasi hiyo. Katika mazoezi Romain Grosjean aliingia Abbey bawa likiwa wazi, akaishia ukutani. Siku ya mashindano ikamkuta Ericsson, ndiyo, huyuhuyu, chini ya miezi miwili kabla ya Monza. Mwaka uliofuata eneo hilo liliondolewa.

Ungedhani somo limeeleweka. Aprili 2025 kule Suzuka, Japani, kijana Jack Doohan aliingia kona ya kwanza bila kulifunga bawa, gari likazunguka na kugonga vizuizi kwa kishindo. Timu yake ilisema ni kosa la makadirio la dereva. Sawa, lakini programu ikimruhusu mtumiaji afanye kosa lilelile mwaka wa 2018 na tena 2025, mimi sianzi kwa kumlaumu mtumiaji.

Sasa tuhamie Marekani, mahali ambapo programu yenyewe ilisema uongo. IndyCar wana kitufe chao: ukikibonyeza, turbo inaipa injini nguvu zaidi kwa sekunde chache, na una akiba ya sekunde zilizohesabiwa kwa mashindano yote. Kwa kanuni za wakati huo kilipaswa kuwa kimezimwa mashindano yanapoanza na yanapoanza upya, wakati magari yamebanana kama matatu stendi saa ya jioni. Machi 2024 Josef Newgarden wa timu ya Penske alishinda kule St. Petersburg, Florida. Mwezi uliofuata, asubuhi ya mashindano ya Long Beach, hitilafu ikazima vitufe vya magari yote, lakini vya Penske vikaendelea kufanya kazi. Ndivyo siri ilivyofichuka: hitilafu moja iliifichua nyingine! Newgarden akanyang'anywa ushindi, na mwenzake Scott McLaughlin, aliyekuwa wa tatu, akaondolewa pia. Maelezo ya timu yalikuwa kwamba programu iliyobadilishwa kwa ajili ya majaribio ya mfumo mpya wa umeme mwaka wa 2023 ilinakiliwa kimakosa ikaingia kwenye magari ya mashindano.

Nilisoma maelezo hayo nikahisi baridi tumboni, kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kufanya hivyo. Sitamtaja mteja. Nilikuwa nikijaribu mfumo wa mauzo, nikazima ule ukaguzi wa bidhaa zilizobaki ghalani ili kazi iende haraka, kisha nikapeleka faili hiyohiyo kwenye seva ya kweli. Kwa siku mbili duka liliuza vitu ambavyo halikuwa navyo. Niliomba radhi, nikafanya kazi wikendi nzima bila malipo, yakaisha. Hakuna aliyebiringika hewani. Kwenye kundi la magari yanayoanza upya, ukaguzi niliouzima mimi ungekuwa shingo ya mtu.

Nayaleta haya kwa sababu kuanzia msimu wa 2026 Formula One wameiacha DRS na kuingia kwenye jambo kubwa zaidi. Sasa mabawa ya mbele na ya nyuma yanafunguka kwa kila dereva, uwe unamfuata mtu au humfuati. Msaada wa kupita umehamia kwenye umeme. Mota iliyokuwa na kilowati 120 imepandishwa hadi 350. Kanuni zilizotangazwa na FIA Juni 2024 zilisema kwamba umeme wa gari la mbele uanze kupungua likipita kilomita 290 kwa saa, wakati anayelifuata aendelee kupata kilowati zote 350 hadi kilomita 337. Yaani tofauti ya kasi baina ya magari mawili inatengenezwa kwa makusudi, kwa programu, mahali penye kasi kubwa kuliko pote.

Tofauti ya kasi si mchezo. Mwaka wa 2010 pale Valencia, kabla ya DRS, Mark Webber aliigonga kwa nyuma Lotus ya Heikki Kovalainen iliyofunga breki mapema kuliko alivyotarajia, gari lake likapaa na kupinduka. Webber hakujua mwenzake angepunguza mwendo wakati gani. Kwa betri, swali hilo linaulizwa katika kila mzunguko: huyu wa mbele umeme wake umebaki kiasi gani, na utakatika wapi? Kuna taa ya nyuma inayomweka gari linapovuna umeme, lakini kwa kasi hiyo ukiiona taa umeshachelewa.

Mimi ningetaka mambo mawili. Kwanza, swichi ya kuzima msaada isikae ndani ya programu ambayo timu inaweza kuigusa, na ijaribiwe kabla ya kila mashindano kwa kuizima makusudi na kuangalia nani bado anapata nguvu. Long Beach waligundua kwa bahati. Pili, kompyuta ileile inayompa wa nyuma ruhusa imwambie pia, kwenye usukani wake, kwamba umeme wa gari la mbele unakaribia kukatika. Timu zitapinga, zitasema hali ya betri ni siri ya ushindani. Basi ufichwe kwa wengine wote, ila yule aliye nusu sekunde nyuma kwa kilomita 330 kwa saa aambiwe.